Okidi za Mama Zilipougua

Huenda ukiona kichwa cha habari hii utasema, "Maua tena! Watoto wamerudishwa nyumbani kwa sababu ya michango ya shule, na hawa wanatuletea habari za maua." Tunakuelewa. Nasi tuliwahi kuwacheka watu wanaokosa usingizi kwa sababu ya ua, mpaka ilipofika siku ya kumwambia mama yetu, mwenye umri wa miaka 81, kwamba okidi aliyoitunza kwa zaidi ya miaka hamsini haina budi kuchomwa moto.

Sisi tunaoandika ni wawili, wifi na wifi. Mmoja wetu alizaliwa katika nyumba hii hapa Lushoto. Mwingine aliletwa na ndoa. Mbele ya Mama tofauti hiyo haipo. Akigomba anatugombeza wote kwa pamoja, na akisifu, jambo ambalo si la kila wiki, anatusifu wote kwa pamoja. Kwa hiyo tumeona tuandike pamoja pia.

Vitunguu vitatu ndani ya kopo

Mama aliipata okidi hiyo mwaka 1971. Wakati huo alikuwa muuguzi kijana, na alipohamishwa kituo, mmoja wa wamisionari aliofanya nao kazi alimkatia kipande kutoka bustanini kwake. Ni ya aina iitwayo simbidiumu, yenye majani marefu membamba na shada la maua linaloinama. Asili yake ni milima ya Asia. Inapenda usiku wa baridi, na baridi hapa kwetu hainunuliwi. Ikifika Julai tunalala na mablanketi mawili. Basi ikastawi.

Simbidiumu huota vishina vilivyovimba kama vitunguu, kimoja pembeni mwa kingine. Baada ya miaka mitatu minne chungu hujaa. Hapo unautoa mmea wote, unaukata sehemu mbili au tatu, na kila sehemu inakuwa mmea kamili. Huhitaji mbegu. Unahitaji kisu tu. Tunakuomba ukikumbuke kisu hicho, kwa maana katika habari hii kina sehemu kubwa kuliko sisi.

Mama aliweka desturi. Kila binti wa ukoo aliyeolewa, na kila mkwe aliyeingia, alipewa vitunguu vitatu vya simbidiumu ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na wasia mfupi: "Usiimwagilie kila siku, na usimwachie mume wako aimwagilie." Mmoja wetu alipokea kopo lake mwaka 1994, mwingine mwaka 1998. Makopo mengine yalikwenda Soni, Korogwe, Tanga, Moshi na Dar es Salaam. Majina yote Mama aliyaandika katika daftari lake la zamani la kliniki, kama alivyokuwa akiandika watoto waliochanjwa.

Kufikia mwaka 2022 kulikuwa na vyungu 19 barazani. Simbidiumu zilikuwa 12, nyingine ni katileya ambazo Mama alianza kuzikusanya kidogo kidogo kuanzia miaka ya themanini, na falenopsisi tatu tulizozinunua sisi. Mashada ya simbidiumu tuliyauza kwa wenye harusi. Fedha zake hazikuwa nyingi, lakini kuna muhula mmoja zililipa ada ya mtoto bila mtu yeyote kukopa.

Michirizi iliyosifiwa

Baada ya baridi ya mwaka huo, katileya moja ya zambarau ilichanua maua yenye michirizi meupe, kama kitambaa kilichomwagikiwa dawa ya kufulia. Haikuwahi kuchanua hivyo. Wageni waliisifu sana. Mwalimu wa kwaya alikuja kwa shughuli nyingine kabisa, akasimama mbele yake, akaomba akatiwe kipande. Tukamkatia. Na kwa kuwa kisu kilikuwa tayari mkononi, tukagawa vyungu vingine vitatu siku hiyo hiyo.

Baadaye tulisoma kwamba hatukuwa wa kwanza kudanganyika. Huko Uholanzi, katika miaka ya 1630, watu walifikia kulipa bei ya nyumba kwa kitunguu kimoja cha tulipu yenye maua ya michirizi, mpaka bei zilipoanguka ghafla Februari 1637. Ilichukua karibu miaka 300 kabla mtafiti wa Uingereza, Dorothy Cayley, kuonyesha mwaka 1928 kwamba michirizi ile ilikuwa ugonjwa unaoambukizwa kutoka tulipu moja hadi nyingine. Watu walikuwa wamelipa fedha nyingi kwa ajili ya mgonjwa.

Kisha tukaona majani. Simbidiumu kubwa, ile ile ya 1971, ilikuwa na mabaka marefu ya rangi hafifu kwenye majani machanga, na kwenye majani ya zamani mabaka hayo yalikuwa yamegeuka kuwa madoa meusi yaliyobonyea. Tuliyaona, lakini tuliyapa majina mengine. Kwanza tulisema ni jua, tukaihamishia kivulini. Halafu tukasema ni ukungu, tukanunua dawa na kupulizia mara tatu. Halafu tukasema ni njaa, tukaongeza mbolea. Miezi mitatu ikapita hivyo, na kila wiki mikono yetu ilikuwa ikitoka jani hili kwenda jani lile.

Sasa tungekuambia hivi. Doa la jua hutokea upande ulioelekea jua, hukauka, halafu hubaki pale pale. Ukungu mara nyingi hupenda mahali penye unyevu, na doa lake hutanuka. Lakini ukiinua jani changa mbele ya mwanga ukaona mabaka hafifu na ya kijani yamechanganyika kama ramani, au pete ndogo ndogo, au mistari isiyokuwapo mwaka jana, na ukaona kila jani jipya linakuja na hali hiyo hiyo, acha kupulizia dawa. Dawa ya ukungu haina kazi hapo. Ua nalo lisemwe: rangi iliyokatika vipande, au madoa ya kahawia yanayotokea siku chache tu baada ya ua kufunguka, ni ya kuogopwa.

Batobato

Aliyetuamsha ni mtoto wa kaka mkubwa, aliyesomea kilimo Morogoro. Alikuja Desemba kumsalimia bibi yake. Alipopita barazani akainua jani, akanyamaza, akainua la pili.

"Bibi, hili lina kitu kama batobato."

"Batobato ni ya muhogo," Mama akajibu. "Usilete mambo ya shambani kwenye maua yangu."

Lakini kijana hakuwa amekosea kulinganisha. Hapa Usambara batobato ni mgeni wa siku nyingi. Mjerumani Otto Warburg aliandika habari zake katika milima hii hii mwaka 1894, na ni watafiti wa Amani waliokuja kuuchunguza kwa undani katika miaka ya thelathini. Kila mwanamke aliyelima muhogo anajua kwamba ukichukua kijiti kutoka kwenye shina lenye batobato, unapanda batobato. Tulijua hayo tangu utoto. Kwa nini hatukufikiri kwamba kitunguu cha simbidiumu ni kijiti pia?

Kijana alitueleza kwamba okidi zina virusi vyao. Vinavyosumbua zaidi duniani ni vya aina mbili, na vyote vilielezwa na watafiti wa California mwanzoni mwa miaka ya hamsini. Kimoja kiliitwa kwa jina la mabaka ya simbidiumu. Kingine kiliitwa kwa pete zilizoonekana kwenye okidi iitwayo odontoglosumu, nacho ni ndugu wa kile cha tumbaku, ambacho ndicho kirusi cha kwanza kabisa kujulikana na wanasayansi mwishoni mwa karne ya 19. Tofauti na batobato, ambayo hubebwa na nzi weupe, hakuna mdudu anayejulikana kuvisambaza hivi viwili. Vinasafiri ndani ya utomvu. Kisu, mkasi, kucha za mtu anayechuma ua lililonyauka, chungu cha zamani ambacho hakikuoshwa, maji yanayotiririka kutoka chungu cha juu kwenda cha chini: hizo ndizo gari zao.

Basi Mama akasema kwa ujasiri, "Mimi kisu changu nafuta kwa spiriti. Miaka yote."

Ni kweli. Alikuwa muuguzi, hakuna siku alikata bila kufuta. Lakini spiriti, ambayo huua wadudu wengi wa magonjwa ya binadamu, si ya kutegemewa kwa virusi hivi vya mimea. Hasa kile ndugu wa tumbaku ni kigumu. Hukaa muda mrefu katika utomvu uliokauka kwenye chuma au chunguni, kikingoja jeraha jipya. Tulimwona Mama akikitazama kile kisu kilichokuwa dirishani. Hakusema neno.

Mistari miwili

Vipimo vya virusi hivi vipo, na mwanamke yeyote aliyepima malaria ya mtoto kliniki, au aliyejipima mimba, hatavishangaa. Unachukua kipande cha jani kama ukubwa wa ukucha, unakiponda ndani ya kifuko chenye dawa ya maji, unachovya kijikaratasi, unangoja dakika chache. Mstari mmoja unakuambia kipimo kinafanya kazi. Ukitokea mwingine chini yake, ugonjwa upo. Vyetu vilikuwa na nafasi mbili za ugonjwa, moja kwa kila aina ya virusi. Viliagizwa kutoka nje, na kwa kweli si rahisi kwa bei. Tuliuza mbuzi wawili. Baba watoto mmoja aliuliza mara moja tu kama tuna uhakika, akanyamaza. Tunamshukuru kwa kunyamaza kwake.

Tulipima meza ya jikoni ikiwa imetandikwa magazeti, tukinawa mikono kati ya mmea na mmea. Katika vyungu 19, vyungu 11 vilitoa mstari wa ugonjwa. Viwili vilikuwa na virusi vya aina zote mbili. Simbidiumu ya Mama ilitoa mstari mweusi kuliko yote.

Na hili ndilo lililotutia hofu kuliko mengine: vinne kati ya hivyo 11 havikuwa na doa hata moja. Majani yalikuwa ya kijani, yanang'aa, maua safi. Kimoja ndicho tulichokuwa tumekichagua kiwe cha kumkatia bibi harusi wa mwaka ujao. Kwa macho peke yake tungekiita mzima kuliko vyote barazani. Mmea unaweza kukaa na virusi miaka mingi bila kuonyesha, hasa ukilishwa na kumwagiliwa vizuri.

Kinyume chake pia kipo. Virusi havikai sawasawa katika kila jani, na mmea ulioambukizwa juzi huwa navyo vichache mno kwa kipimo kuviona. Tuliviweka kando vile vinane vilivyopita, tukavipima tena baada ya miezi sita, kwa kuchukua vipande vya majani mawili matatu ya kila mmea. Kimoja kilibadilika. Kilikuwa miongoni mwa vile vitatu tulivyovigawa siku ya mwalimu wa kwaya.

Mgonjwa hachomwi moto

Tuliahirisha kumwambia Mama kwa siku nne. Kila mmoja alidhani mwenzake anafaa zaidi: binti alisema mkwe husikilizwa kwa heshima, mkwe akasema binti husamehewa haraka. Mwishowe tulikwenda wote baada ya chai ya jioni.

"Dawa yake nini?" aliuliza, kama muuguzi.

"Haina dawa, Mama."

"Hata ya sindano? Hata ya mizizi?"

"Hakuna. Mmea ukishaambukizwa ni wa kuondolewa."

Akatutazama mmoja mmoja. "Mimi nimeuguza watu miaka 34. Mgonjwa hachomwi moto."

Kijana alijaribu kumpa njia nyingine. Alimweleza kwamba mwaka 1960 mtaalamu wa Kifaransa, Georges Morel, alichapisha njia ya kukata ncha ndogo sana ya chipukizi la simbidiumu yenye ugonjwa, sehemu ambayo mara nyingi virusi havijaifikia, na kuikuza ndani ya chupa hadi ikawa mmea safi. Lakini hiyo ni kazi ya maabara, si ya jikoni. Mbegu nazo kwa kawaida hazirithi virusi hivi, lakini mbegu ya okidi ni vumbi lisilo na chakula ndani yake, nayo huoteshwa ndani ya chupa, na kutoka hapo hadi ua ni miaka minne au mitano, tena mtoto hafanani na mama. Mama alihesabu kwa vidole. "Miaka mitano," akasema, "nami nitakuwa wapi?"

Hatukumlazimisha. Chungu kilihamishiwa nyuma ya banda la kuku, peke yake, na mwezi mzima ukapita. Kila asubuhi alikwenda huko na fimbo yake. Mmoja wetu alilia jikoni, hatutasema yupi.

Kilichombadilisha si maneno yetu. Jumapili moja jioni aliomba aletewe daftari la kliniki. Akavaa miwani, akapitisha kidole kwenye majina: 1979, 1983, 1988, 1994, 1998 na mengine, jumla 14.

"Wote hawa nilitumia kisu kile kile?"

"Kile kile, Mama."

"Basi nimewapa ugonjwa siku ya harusi yao."

Hatukupata la kumjibu. Akafunga daftari akasema, "Kesho leteni kuni. Na baada ya hapo mtampigia simu kila mmoja. Kila mmoja."

Okidi mbichi haichomeki upesi. Vile vitunguu vimejaa maji. Tulitumia kuni za mkaratusi na ilichukua asubuhi nzima. Tulichoma pamoja na magome yaliyokuwa chunguni. Jirani mmoja alishauri tukaitupe pembeni mwa msitu, "Mungu atajua la kufanya nayo." Huo ni ushauri mbaya. Msitu wa Magamba una okidi zake, na hazijatukosea lolote.

Barazani sasa

Mambo yetu ya sasa ni mengi madogo, na kusema kweli siku ya kugawa okidi imekuwa na usumbufu kama siku ya kuchinja. Kile kisu kimestaafu. Tunatumia wembe, wembe mmoja kwa mmea mmoja, halafu unatumbukizwa kwenye kopo lenye kifuniko ili watoto wasiuguse. Mahali wembe haufiki, kwenye mizizi iliyokomaa, tunatumia mkasi wa kupogolea, nao unashikwa juu ya moto wa jiko la gesi, pande zote mbili, hadi chuma kiwe chekundu, kisha unaachwa upoe kabla ya mmea unaofuata. Moto ndio tunaouamini. Vyungu vya udongo tunavisugua kwanza kuondoa uchafu wote, ndipo vinalowekwa kwenye jiki iliyochanganywa siku hiyo hiyo, sehemu moja kwa tisa za maji. Iliyokaa tangu juzi imepoteza nguvu. Magome na mkaa wa zamani hatuutumii tena hata kama unaonekana mzuri. Huko nyuma tuliuosha na kuuanika, tukajiona wabanifu hodari.

Vyungu vimeachana ili majani yasisuguane upepo ukivuma, na hakuna kilichoning'inizwa juu ya kingine. Anayevuta sigara ananawa kwa sabuni kabla ya kugusa, kwa sababu ya yule ndugu wa tumbaku; shemeji alidhani ni mzaha, sasa ananawa bila kuambiwa. Vidukari na utitiri tunawafukuza mapema, kwani ingawa hawabebi vile viwili tulivyovitaja, kuna virusi vingine vya okidi ambavyo wadudu hao huvisambaza.

Okidi mpya haiingii barazani. Inakaa upande wa pili wa nyumba miezi sita, inamwagiliwa ya mwisho, na inapimwa mara mbili. Hata ya zawadi. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwa maana ni nani anataka kuonekana anaishuku zawadi? Lakini zawadi ndiyo iliyotufikisha hapa. Na tafadhali usinunue okidi za porini zinazouzwa kando ya barabara. Okidi zote ziko chini ya mkataba wa kimataifa wa kulinda viumbe, na zile za barabarani kwa kawaida zimeng'olewa msituni na hazikai nyumbani.

Simu kwa kila mmoja

Majina yalikuwa 14. Tukijitoa sisi wawili, walibaki 12. Tulianza na mwalimu wa kwaya, ingawa hakuwamo daftarini, kwa kuwa yeye alipewa na sisi wenyewe. Tulikwenda kwa miguu. Alitupokea vizuri, akatupa chai, ndipo akasema kwamba kipande chake alikwisha kukigawa na kumpa mchumba wa mwanawe. Tukanywa chai ile kwa shida.

Wengine walitutumia vipande vya majani kwa basi, vikiwa ndani ya vikopo, kila kikopo na jina. Mbuzi wa tatu akaondoka. Watano walikuwa na ugonjwa, nao wakachoma bila maneno mengi. Watatu walisema okidi zao zilikufa zamani. Mmoja amehama na simu yake haipatikani. Wa Moshi alitoa mstari wa ugonjwa waziwazi na akakataa kuchoma. "Inachanua kila mwaka," alisema, "nami sina okidi nyingine ya kuiambukiza. Inamdhuru nani?" Tulibishana wiki mbili. Tulikubaliana kwamba ikae peke yake, iwe na wembe wake, na asimpe mtu kipande kamwe. Ipo hadi leo. Hatujui kama tulifanya vema kukubali, lakini hatukuweza kumjibu.

Wa Dar es Salaam alikaa kimya kwenye simu, kisha akaomba tusimwambie Mama. Okidi yake ilikufa kwa joto katika mwaka wake wa kwanza, na kwa zaidi ya miaka 20 alikuwa akimweleza Mama jinsi inavyochanua. Tulimwambia Mama, kwa kuwa alitaka hesabu ya kila mmoja. "Nilijua," Mama akasema. "Simbidiumu haichanui Dar. Nilikuwa nangoja aniambie mwenyewe."

Jina la mwisho tuliloshughulikia lilikuwa la kwanza daftarini: mama mdogo wa Soni, mdogo wake Mama, aliyeolewa mwaka 1979. Yeye hakuwahi kununua okidi nyingine wala kuigawa ile moja. Aliihamishia kwenye ndoo ilipozidi kukua, basi. Tulipima mara mbili, na baada ya miezi sita mara ya tatu. Mstari wa ugonjwa haukutokea. Maana yake ni kwamba mwaka 1979 simbidiumu ya Mama ilikuwa bado safi. Haikuja na ugonjwa kutoka kwa yule mmisionari, kama tulivyokuwa tukijifariji. Ugonjwa uliingia baadaye, barazani kwetu, pengine na katileya mojawapo, nasi tukausambaza.

Tulimpeleka Mama Soni mwezi uliofuata. Mama mdogo alikuwa ameandaa kila kitu uani: beseni, sabuni, na wembe mpya ukiwa bado ndani ya karatasi yake. Tulipoinuka kumsaidia kuitoa okidi ndooni, akatunyoshea kidole.

"Nyie wa Lushoto, kaeni hapo hapo. Nanaweni kwanza. Na hata mkinawa, nitakata mwenyewe."

Mama alicheka mpaka miwani ikaanguka. Sisi tulinawa, tukasimama pembeni na mikono yetu ikidondoka maji, tukamwangalia mama mdogo akihesabu vitunguu vitatu.